Si kila anayeumwa na kichwa msimu wa baridi ana mafua

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, salamu za asubuhi mjini Thika na Ruiru hugeuka kuwa taarifa za wagonjwa: nani ameshikwa na mafua, mtoto wa nani amelazwa kwa nimonia, na mchango wa bili ya hospitali umefikia wapi.

Wakati huo pepo za kusini mashariki huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Ikifika nyanda za juu, huzaa mawingu mazito yanayoziba jua hadi adhuhuri. Miji hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo baridi yake si ya kufanyiwa mzaha.

Lakini baridi yenyewe haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, navyo hustawi pale watu wanapobanana na kufunga madirisha, iwe ni kwenye matatu au katika chumba kimoja cha kupanga. Ruiru, ambayo sensa ya 2019 iliipata na wakazi zaidi ya 490,000, maradufu ya idadi ya 2009, haina uhaba wa vyumba vya aina hiyo.

Humo ndimo unamojificha ugonjwa mwingine unaofanana na mafua.

Rafiki yangu mmoja anayeishi Ruiru aliamka siku tatu mfululizo akiumwa na kichwa. Mkewe alihisi kizunguzungu, nao watoto wawili walitapika. Walinunua dawa za mafua. Ajabu ni kwamba kila alipofika kazini Thika na saa chache kupita, maumivu yalitoweka. Jirani yao muuguzi aliposikia hayo hakuuliza habari za kikohozi. Aliuliza: “Jiko lenu hulala wapi?”

Lilikuwa likilala ndani. Walikuwa wakiliwasha nje, wakangoja moshi uishe, kisha wakaliingiza chumbani na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Familia nyingi hufanya hivyo zikiamini kwamba hatari ni moshi.

Hatari ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo makaa mekundu huendelea kuitoa hata baada ya moshi kwisha, hasa hewa inapopungua chumbani. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hupumua kama kawaida, ilhali ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Aliyelala huweza kupoteza fahamu bila kuamka. Ndiyo sababu ni nadra msimu huu kupita bila magazeti kuripoti watu waliokutwa wamefariki kando ya jiko.

Zipo dalili za kutofautisha. Mafua kwa kawaida huja na kikohozi, makamasi na mara nyingi joto la mwili, na huwapata watu wa nyumba moja kwa zamu. Sumu ya makaa huwapata wote kwa pamoja, haipandishi joto la mwili, na hupungua mtu akitoka nje.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi, kisha umkimbize hospitalini hata kama amezinduka. Huko atapewa oksijeni, ambayo huiondoa gesi hiyo mwilini upesi kuliko hewa ya kawaida. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia, hayaiondoi gesi hiyo kwenye damu.

Kuhusu nimonia ya watoto, Kenya hutoa chanjo dhidi ya bakteria ya nimokoka tangu 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo haizuii kila aina ya nimonia, kwa hivyo mtoto anayepumua kwa kasi au ambaye mbavu zake zinabonyea anapovuta pumzi hapaswi kungojewa hadi asubuhi.

Rafiki yangu alianza kuliacha jiko ushorobani usiku. La kwanza liliibwa wiki hiyo hiyo, jambo linaloeleza kwa nini wapangaji wengi hulilaza ndani. La pili sasa huzimwa kwa mchanga baada ya chakula cha jioni, nalo hufungwa kwa mnyororo kando ya mlango.