Kwanza Pumzi

Nani kati yetu hajapata kunung'unika mlangoni pa hospitali? Twafika alfajiri, twaketi kwenye benchi kwa saburi. Mara analetwa mtu juu ya pikipiki, naye aingizwa ndani mbele yetu sote. Hapo maneno huanza: "Huyu ni ndugu wa nani? Ametoa nini?" Mara nyingi hakutoa kitu. Ametangulizwa kwa kuwa anakosa pumzi.

Katika chumba cha dharura zamu haifuati saa ya kufika, wala cheo. Muuguzi hutazama kwanza kama njia ya hewa i wazi, kisha kama mgonjwa apumua vema, kisha kama damu yazunguka. Mtu aweza kuvumilia njaa siku nyingi. Lakini akikosa hewa dakika chache tu, ubongo huanza kufa. Kwa hiyo bwana mkubwa wa mgodi mwenye kidonda mguuni yampasa kumngoja mchimbaji anayehema.

Ugonjwa wa Korona ulitufundisha jambo hili kwa ukali. Mgonjwa wa kwanza nchini Kongo alitangazwa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya hatari. Huku kwetu kwenye shaba, migodi mingine iliwaweka wafanyakazi ndani ya maboma yake, mbali na wake na watoto, ili kazi isikome. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza wakati ule kwamba katika wagonjwa 100, wapatao 80 huugua kidogo, 15 huhitaji oksijeni, na 5 huhitaji mashine ya kuwapumulia. Watu wengi walisema juu ya wale 5. Sisi twataka kusema juu ya wale 15.

Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Mapafu yaliyoshikwa na ugonjwa hayatosheki nayo. Hospitali huipata oksijeni katika mitungi ya chuma, au kwa mashine inayochuja hewa ya chumbani. Mtungi huisha, mashine huzimika umeme ukikatika. Waya mkubwa wa Inga umesafiri kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, na mto Lualaba wenyewe wazalisha umeme Nzilo na Nseke. Hata hivyo taa zetu huzimika. Nyumbani twawasha mshumaa. Wodini mshumaa haumsaidii anayehema, tena moto karibu na oksijeni ni hatari kubwa. Basi tunapouliza mali ya shaba yatuletea nini, tuulize kwanza habari za jenereta, mafuta yake, na mitungi ya akiba.

Lakini vyombo peke yake havitoshi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, ulipigwa na ugonjwa wa kupooza. Wengi walishindwa kupumua, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alishauri mgonjwa atobolewe koo na kutiwa mpira, kisha hewa isukumwe kwa mfuko wa mkononi. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu mchana na usiku, na wengi waliodhaniwa wamekwisha wakapona. Ndiko vilikozaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Mwaka 2020 wataalamu waliwafuata wagonjwa mahututi wa Korona 3,077 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika. Karibu nusu yao walikufa katika siku 30. Kongo haikuwamo, lakini somo latuhusu: mahali penye upungufu wa vyombo na wauguzi, kuchelewa ni hatari maradufu.

Kwa hiyo, wazazi, jifunzeni dalili hizi. Mgonjwa ahema hali ametulia. Hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Midomo yageuka rangi. Au asinzia na kusema maneno yasiyoeleweka. Msingoje kupambazuke, wala msijaribu kwanza dawa za sokoni. Mketisheni wima, mpelekeni upesi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, hapa huua.

Na siku tutakapokuwa sisi kwenye benchi, akaletwa mwenye kuhema, tusiulize ametoa nini. Tusogeze miguu, apite.