Motokaa ya Zamani Ikataayo Kuwaka



Leo nataka kusema nanyi juu ya motokaa ya zamani ikataayo kuwaka, si kwa kukosa petroli, bali kwa kasoro ya umeme. Nasema ya zamani, maana zile za siku hizi zina vyombo vya kompyuta, na kasoro zake hutafutwa kwa njia nyingine. Niijuayo mimi ni Morris Minor, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Walakini mengi nitakayoyaeleza yafaa pia kwa Land Rover za zamani na kwa motokaa nyingi za Kiingereza za wakati ule, kwa kuwa umeme wake ulipangwa kwa namna moja.

Kwanza tuifahamu njia ya umeme. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo zaidi. Umeme hutoka katika kichwa kimoja cha betri, hupita katika waya mpaka penye kazi, kisha hauna budi kurudi kwenye kichwa cha pili. Lakini ukitafuta waya wa kurudia hutauona, maana umeme hurudi kwa chuma cha injini na cha bodi yenyewe. Watu wengi hulisahau jambo hili. Hukagua kwa bidii njia ya kwenda, wakaiacha njia ya kurudi. Mimi nilikuwa mmoja wao, nami nililipa ada ya ujinga huo, kama nitakavyowaeleza.

Wakati wa kuwasha, umeme una kazi mbili. Ya kwanza ni kuizungusha injini kwa stata, kazi nzito itakayo ampea 100 na zaidi. Ya pili ni kutoa cheche katika plagi, nayo yatosheka kwa ampea 3 au 4. Tofauti hii ndiyo ifichayo siri nyingi. Tuseme kiungo kimoja cha waya kimeshika kutu, kikawa na kizuizi cha omu 0.02 tu. Taa itumiayo ampea 4 itapoteza hapo volti 0.08, wala jicho halitatambua. Lakini stata ikivuta ampea 150, volti 3 zitapotea papo hapo, na stata haitakuwa na nguvu. Kwa hiyo mtu asemaye, "Betri yangu ni nzima, maana honi yalia," hajathibitisha neno.

Kipimo kizuri kisichotaka chombo chochote ni hiki. Washa taa kubwa za mbele, ukamweka mtu mbele ya motokaa azitazame, kisha jaribu stata. Taa zikizimika kabisa au zikabaki nyekundu kama kaa la moto, ama betri imekwisha, ama kiungo cha betri ni kibovu. Taa zisipopungua hata kidogo, na stata ikanyamaza, umeme haufiki kwake: tazama swichi yake, nyaya zake, na njia ya kurudi. Zikipungua kiasi, huku stata imenyamaza, huenda meno yake yamekwama katika gurudumu kubwa la injini. Hapo zima swichi, tia gia ya juu, ukaisukume motokaa mbele na nyuma mpaka meno yaachane. Na stata ikizunguka mbio kwa mlio mwembamba pasipo kuigeuza injini, meno yake hayatoki kwenda kuishika, mara nyingi kwa sababu ya uchafu katika mhimili wake.

Sasa habari ya ada yangu. Usiku mmoja wa masika jirani alinigongea mlango akasema, "Mwalimu, tafadhali tusaidie, mtoto ana degedege." Juma lile lile nilikuwa nimenunua betri mpya, kwa kuwa fundi mmoja aliniambia ya kwanza imekufa, na fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa karo ya binti yangu. Nilivuta stata: ikatoa sauti ndogo, tik, ikanyamaza. Betri mpya! Vijana wa bweni la karibu wakaamshwa, wakaisukuma motokaa gizani katika matope, ikawaka kwa gia ya pili, tukafika hospitali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi sikupata usingizi mpaka asubuhi kwa kuiwaza ile tik.

Kesho yake mwanafunzi mmoja aliketi penye usukani, ameshika choki, nami nikiwa mbele nimefungua boneti. Alipovuta stata mara ya tatu alipiga kelele, "Mwalimu, waya huu unachoma!" Na kweli, waya mwembamba wa choki ulikuwa ukitoa moshi. Ndipo nilipofahamu. Chini ya motokaa hii kuna utepe wa nyuzi za shaba zilizosukwa, uunganishao giaboksi na bodi, kwa kuwa injini imekalia mipira isiyopitisha umeme. Utepe huo ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki nyuzi mbili tatu. Umeme wote wa stata, ukikosa njia yake ya kurudi, ulijipenyeza katika waya wa choki, njia nyembamba isiyoweza kuuchukua. Umeme mdogo wa cheche uliweza kupita humo. Ndiyo sababu motokaa ilikubali kuwaka kwa kusukumwa. Utepe mpya ulinigharimu fedha kidogo sana. Ile betri ya kwanza, niliyoambiwa imekufa, niliipima baadaye ikaonyesha volti 12.6, nacho ndicho kipimo cha betri iliyojaa na kupumzika. Ikionyesha 12 tu, imekaribia kwisha.

Basi kabla ya kununua kitu, fungua viungo vyote vinne: viwili vya betri, na viwili vya utepe huo. Anza na ule waya wa betri ulioshikamana na bodi, ili spana yako ikigusa chuma isilete moto mkubwa. Ule unga wa kijani au mweupe uoshe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto, ukiangalia yasiingie ndani ya betri. Kisha sugua kwa msasa hata chuma king'ae, kaza, ukapake grisi juu. Sisi tukaao karibu na pwani, penye hewa ya chumvi, yatupasa kufanya hivi mara kwa mara. Wala usimulike betri kwa kibiriti au taa ya mafuta, maana ikijazwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka na kumrushia mtu tindikali usoni.

Ikiwa stata yaizungusha injini vyema, nayo haiwaki, kasoro iko upande wa cheche. Koili huzigeuza volti 12 kuwa maelfu mengi. Ndani ya distribyuta pointi hufunga na kufungua; kila zifunguapo, koili hutupa umeme wake, na rota huugawia plagi moja moja. Asubuhi yenye unyevu, pangusa kwanza kifuniko cha distribyuta ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Mara nyingi ni hivyo tu. Ukiona ndani yake mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, kifuniko hicho kimepasuka, wala hakitapona kwa kupanguswa.

Kisha chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Washa swichi, shika waya mmoja penye bodi, na wa pili penye msumari wa koili ulioandikwa SW. Isipowaka, umeme haufiki kwenye koili. Ikiwaka, hamia msumari ulioandikwa CB, ukaigeuze injini polepole kwa hendeli, gia ikiwa huru: pointi zikifunguka balbu huwaka, zikifunga huzima. Ikiwaka daima, pointi hazifungi au ni chafu. Zisafishe, ukazipime zikifunguka kabisa ziwe na nafasi ya inchi 0.015. Isiwake kabisa, ama koili imekatika ndani, ama pointi hazifunguki, ama kuna waya uliogusa chuma. Pointi zikiungua upesi kila mara, shuku kondensa. Na usitupe kondensa na rota za zamani mpaka zile mpya zimethibitika, maana baadhi ya hizi ziuzwazo sasa hazidumu.

Ushikapo hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudi nyuma huvunja mkono.

Limebaki neno moja. Katika nyingi za motokaa hizi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, kichwa cha betri kiungwacho na bodi ni kile cha alama ya kujumlisha, kinyume cha motokaa za sasa. Fundi kijana azoeaye za sasa huweza kuigeuza betri pasipo kujua, akaunguza redio na kuharibu dinamo. Ndiyo maana mimi nimeiandika alama hiyo kwa rangi nyeupe chini ya boneti, karibu na betri, kwa herufi kubwa.