Majani Mekundu ya Malisho Yanapungua Meru na Embu

Mfugaji wa Mbeere au wa Tharaka akiulizwa habari za mali yake, atahesabu ng'ombe, mbuzi na mizinga ya nyuki. Ni wachache watakaotaja majani. Hata hivyo ng'ombe hana thamani pasipo majani, wala si kila kinachoota ardhini ni chakula cha mnyama. Leo twataka kuwaeleza wasomaji habari za aina moja ya majani ya asili, ambayo wazee waliyakuta katika nchi hii na ambayo sasa yanapungua mbele ya macho yetu.

Wataalamu huyaita Themeda triandra. Wenyeji wa kila upande wanayo majina yao. Katika makala hii tutayaita majani mekundu, kwa sababu yakomaapo shina na masuke yake hugeuka rangi ya kutu, na uwanda mzima huonekana mwekundu. Huota kwa mashungi, yaani mashina mengi kutoka kitako kimoja, na huweza kufikia kimo cha kifua cha mtu. Si majani ya msimu mmoja. Kiangazi hukausha sehemu ya juu tu, lakini kitako na mizizi hubaki hai, na mvua ya kwanza inyeshapo huchipua tena.

Yanapatikana wapi?

Jina la Themeda lilitokana na neno la Kiarabu. Mtaalamu Peter Forsskål aliyaona majani haya huko Yemeni, akafa katika safari yake mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Baadaye ilijulikana kwamba ni majani ya nchi nyingi: yameenea Afrika Mashariki na Kusini, Bara Hindi, Uchina, na hata Australia, ambako watu huyaita majani ya kangaruu.

Katika nchi ya Meru na Embu, majani haya huchagua mahali pake. Hayapendi kivuli cha msitu mnene wa Mlima Kenya, wala hayakai kwenye vinamasi. Hupenda nyanda zilizo wazi na miteremko yenye miti iliyotawanyika, mahali ambapo mvua si nyingi mno wala si haba mno. Upande wa kaskazini wa mlima yamo katika nyanda za Timau na kuendelea hadi Laikipia. Upande wa mashariki na kusini, chini ya mashamba ya chai na kahawa, yalikuwa sehemu ya malisho ya asili. Ukishuka zaidi kuelekea Mto Tana, ambako jua ni kali na mvua ni chache, majani mengine yanayostahimili ukame huchukua nafasi yake.

Je, yako hatarini?

Jibu lina pande mbili. Ukiitazama dunia nzima, majani mekundu hayamo katika hatari ya kutoweka, kwa maana yameenea mno. Lakini mtu wa Siakago au wa Marimanti halishi ng'ombe wake katika dunia nzima. Huwalisha katika kipande kimoja cha ardhi. Na majani yanaweza kuwa mengi duniani, nayo yakaisha katika kipande hicho.

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni jembe na trekta. Nyanda nzuri za Timau zililimwa ngano na shayiri, na sehemu za chini zikagawanywa kuwa mashamba ya mahindi, maharagwe na pamba. Hapana wa kulaumiwa kwa kutafuta chakula, lakini kila eka iliyolimwa ni eka iliyotoka katika malisho, na mifugo husongamana katika sehemu iliyobaki.

Ya pili ni kulisha bila kupumzisha. Ng'ombe huyapenda majani haya yakiwa machanga, naye huyatafuta kwanza na kuyaacha yasiyo matamu. Majani hujilisha kwa jua yaangazwapo, na akiba yao huwekwa katika kitako na mizizi. Yakikatwa leo, na yakikatwa tena kabla hayajapata nguvu, akiba hupungua na mizizi hufupika, mpaka shungi zima hufa. Mahali pake huingia majani makavu yasiyo na faida na vichaka vya miiba, au hubaki ardhi tupu. Kisha mvua ya masika haizami tena. Huteremka ikichukua udongo, na makorongo huanza. Kwa hiyo majani mekundu ni kama mlinzi: mfugaji akiona yanapungua, na ajue kwamba ardhi imeanza kuchoka kabla makorongo hayajaonekana.

Ya tatu ni mbegu. Kila mbegu ina mkia mrefu uliopindika. Mkia huo hujisokotoa upatapo unyevu na kujisokota ukaukapo, nao huisukuma mbegu ndani ya ardhi kama msumari. Hilo ni jambo la ajabu. Lakini majani haya hayatoi mbegu nzuri nyingi, na mbegu mpya hulala kwa miezi mingi kabla ya kuota. Kwa sababu hiyo wanaopanda upya malisho yaliyoharibika katika nchi kavu za Kenya hutumia zaidi majani ya aina nyingine, ambayo mbegu zake huvunwa na kuota kwa urahisi. Majani hayo ni mema, na mwenye ardhi tupu ayapande. Lakini ajue kwamba majani mekundu yakienda hayarudi upesi, wala si rahisi kuyanunua dukani.

Nchi nyingine zimekwisha kujifunza somo hili kwa hasara. Kusini-mashariki mwa Australia nyanda pana zilikuwa zimejaa majani hayo hayo. Walowezi wakaleta kondoo, kisha plau, na leo imebaki sehemu ndogo mno, ambayo watu wanaitunza kwa gharama kubwa.

Lifanywe nini?

Wengine hudhani kwamba dawa ni kuzungushia ua na kuacha kabisa. Sivyo. Majani mekundu yakiachwa miaka mingi pasipo kuliwa wala kuungua, makapi ya zamani huyafunika machipukizi, nayo hudhoofika kwa kukosa mwanga. Huvumilia moto wa mara moja baada ya muda mrefu, kwa kuwa machipukizi yamejificha chini ya kitako. Lakini moto wa kila mwaka unaofuatwa mara na ng'ombe huyaua. Yanachohitaji ni kuliwa kwa zamu.

Mwenye ardhi na aigawe sehemu tatu au nne. Ng'ombe waingie sehemu moja kwa muda, kisha wahamishwe, wasirudi mpaka majani yamekua vema. Kila mwaka sehemu moja ipumzishwe wakati wa mvua mpaka masuke yakomae na mbegu zianguke; mwaka ufuatao ipumzishwe nyingine. Wenye vipande vidogo wanaopakana wanaweza kupatana na kufanya zamu pamoja. Katika Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, sheria huzuia jembe. Lakini nje ya mipaka ya mbuga mlinzi ni mwenye ardhi mwenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua zijazo zitakapokwisha, kila mfugaji na apite katika malisho yake na kuhesabu mashungi mekundu yaliyobaki. Yakiwa machache kuliko aliyoyaona mwaka uliotangulia, sehemu hiyo na iwe ya kwanza kupumzishwa.