Benzi la Mzee Lapanda Kitonga

Ndugu msomaji, huenda katika mtaa wako limo gari kuukuu la fahari lililoegeshwa chini ya mwembe, limefunikwa turubai, na kuku wa jirani hutaga mayai chini ya injini yake. Wenyewe hawaliendeshi wala hawaliuzi. Ukiwauliza watakuambia kuwa wanangoja spea. Ukweli ni kwamba wanangoja kuamua.

Hivyo ndivyo lilivyokaa gari la marehemu baba yetu kwa miaka miwili kule Temeke. Ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, rangi ya maziwa, yenye injini ya dizeli. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 neno "Wabenzi" halikuwa sifa hata kidogo. Lilikuwa jina la kabila jipya lisilo na kijiji, yaani wakubwa waliopitishwa mbele ya watu waliosimama kituoni wakingoja basi. Baba hakuwa Mbenzi. Alikuwa dereva wao. Kwa miaka tisa alilipangusa gari hilo kila alfajiri, akamfungulia mkubwa wake mlango wa nyuma, naye mwenyewe hakuwahi kukikalia kiti kile. Shirika la umma alilolitumikia lilipovunjwa katika miaka ya 1990, mali zake zikapigwa mnada, na baba akatumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua gari aliloliendesha. Majirani walimcheka. Mama hakucheka, lakini kwa wiki nzima hakusema neno.

Basi mwaka huu mama alitaka kwenda Tukuyu kulijengea kaburi la baba. Nikamweleza habari ya mabasi mazuri ya siku hizi, yenye viyoyozi na viti vya kulala. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nitakwenda na gari lake." Wakati huo mimi nilikwisha zungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Tukapatana hivi: gari likifika Tukuyu na kurudi, halitauzwa maadamu mama yu hai. Likikwama njiani, litauzwa papo hapo lilipokwama.

Kama nawe una gari la namna hii, na moyo unakutuma safari ya mbali, yakupasa kwanza kujua ulicho nacho. Magari ya umbo hili yalitengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, yakafikia karibu 2,700,000. Kwao Ujerumani yalikuwa teksi, na Morocco yalibeba abiria wa miji yote kwa miaka mingi. Kaka yake mkubwa, 240D ya umbo la zamani zaidi, alifanya kazi ya teksi kwa Mgiriki mmoja na kutembea kilometa milioni 4.6 kabla ya kuwekwa katika jumba la makumbusho la kampuni mwaka 2004. Haya si masimulizi ya vijiweni. Lakini lipo jambo ambalo wapenzi wa magari haya hulisahau: gari lile la Mgiriki lilikuwa likifanya kazi kila siku. Adui wa gari kuukuu si kilometa. Ni kulala.

Lililolala miaka miwili huoza mahali usipopaona. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, hata kama chombo chake kimefungwa. Breki zikipata moto mteremkoni, maji yaliyomo huchemka na kugeuka mapovu, na mapovu hubonyea; hapo mguu wako hufika sakafuni na gari haliko habari nawe. Mipira ya rejeta hukauka. Ndani ya tangi la dizeli hutuama tope jeusi. Na tairi, ndugu msomaji, tairi hudanganya kuliko vyote. Za baba zilikuwa na meno mazuri kabisa. Fundi wetu akaniinamisha, akanionyesha ubavuni namba nne zilizochongwa ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zilikuwa na zaidi ya miaka kumi na miwili. Ukiikunja mipira yake kwa kidole uliona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Nilinunua mbili mpya za mbele, na za nyuma nikaziacha kwa kukosa fedha. Nakiri kosa hilo hapa ili wewe usilirudie.

Mafuta ya breki tulibadili yote. Tukabadili oili, mkanda wa feni, betri na vichujio vya dizeli, na fundi akanishauri kubeba vichujio viwili vya akiba. Mipira ya rejeta akaitazama, akaibinya, akasema ingefika.

Tuliondoka saa 11 alfajiri: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka kumi, na mama. Tukamfungulia mama mlango wa nyuma. Akasimama kidogo, akakitazama kile kiti cha mkubwa, kisha akaingia na kuliweka pochi lake magotini kama aliyeingia ofisini kwa mtu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa 830 hivi, na historia ya njia hii ni historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibanwa njia ya kuelekea baharini, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupita huku kwenye vumbi na matope, mengine yakiishia mabondeni. Bomba la mafuta likafika Ndola mwaka 1968; reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975; barabara nayo ikatiwa lami. Baba aliijua ilipokuwa vumbi, akiwa utingo. Alipenda kusema kuwa kuna watu waliozikwa kando ya barabara ile ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Hadi Morogoro hakuna la kusimulia isipokuwa foleni ya malori. Gari hili halina haraka. Injini yake ya silinda nne haifiki nguvu za farasi 75, na mwili wake ni karibu tani moja na nusu bila abiria. Usijaribu kulipita lori ila uione njia nyeupe mpaka upeo wa macho. Lakini likishika kilometa 80 kwa saa hutulia kama mashua iliyopata upepo, na mashimo ya barabara huyasikii kiunoni bali huyasikia kwa mbali, kama ugomvi wa jirani. Mama alisinzia kabla ya Chalinze.

Ndani ya Mbuga ya Mikumi barabara hukatiza kwa kilometa 50 hivi. Vibao vimewekwa kueleza mwendo unaoruhusiwa na faini ya kumgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Kijana wetu aliwaona twiga watatu na kutaka kujua kwa nini bei ya twiga si sawa na ya nguruwe pori. Hakuna aliyemjibu vizuri.

Baada ya mji wa Mikumi njia huingia milimani, kisha hushuka kwenye Bonde la Mibuyu kando ya Ruaha Mkuu. Huko joto hupiga kweli. Na ni katika joto hilo, saa 7 mchana, ndipo unapoanza kupanda Kitonga.

Msomaji ambaye hajafika Kitonga afikirie ukuta wa mlima, barabara nyembamba iliyobandikwa ubavuni mwake, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili, na mbele yako lori lenye trela linalotambaa kwa mwendo wa mzee. Nilitia gia ya pili. Mshale wa joto, ambao kutwa ulikaa kwenye 85, ukaanza kupanda: 95, 100, 105. Pa kuegesha hapakuwapo, na kusimama penye kona ni kuwaua wanaokufuata. Nikakumbuka jambo alilonifundisha baba, nikafungua hita yote na feni yake hadi mwisho. Hita ya gari ni rejeta ndogo. Maji ya moto hupita humo na kuacha sehemu ya joto lake ndani ya gari badala ya injini. Vioo vyote vikateremshwa. Tulitota jasho. Mke wangu alimpepea mama kwa kanga, na mama akasema, "Mwacheni aendeshe." Mshale ukasimama kwenye 110, ukatetemeka hapo mpaka kileleni, ukaanza kurudi taratibu.

Tulisimama Ilula, penye nyanya na vitunguu vilivyopangwa barabarani. Tulipofungua boneti tuliona mpira wa juu wa rejeta ukitoa maji mahali ulipobanwa. Hapa nasema kwa nguvu: usiguse kifuniko kikiwa moto! Maji yaliyomo yako chini ya mgandamizo, hayajachemka kwa sababu tu yamefungwa; ukifungua yatalipuka usoni mwako. Tulingoja karibu saa nzima. Makanika kijana akaja, akakata inchi moja ya ncha iliyooza, akaubana mpira upya pale penye uzima, akajaza maji. Nilijua mama alikuwa akinitazama. Makubaliano yalisema "likikwama". Je, hili lilikuwa kukwama? Mama akanunua ndoo ya nyanya, akaiweka ndani ya buti, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Shauri likawa limekwisha.

Usiku huo tulilala Iringa, na hapo gari lilifanya kituko. Nilizima ufunguo, nikauchomoa, nikauweka mfukoni. Injini ikaendelea kunguruma. Mlinzi wa nyumba ya wageni alirudi nyuma hatua tatu. Hapana uchawi. Injini ya dizeli haina cheche za umeme za kukatwa. Katika magari haya huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita katika mirija myembamba ya mpira, na mirija hiyo ikipasuka kwa uzee ufunguo hauna amri tena. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka kitufe kidogo juu ya injini kilichoandikwa STOP. Nilifungua boneti, nikakibonyeza, kimya kikaja. "Hata baba yako," mama akasema gizani, "ulikuwa ukimwambia akalale hasikii." Mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akimtania.

Kesho yake, kati ya Mafinga na Makambako, katika baridi na ukungu, gari lilipungua nguvu. Lilikuwa lile tope la tangini. Kichujio kidogo cha plastiki, ambacho huona ndani yake, kilikuwa cheusi kama chai ya rangi. Tulibadili kwa robo saa, tukapiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikaja, tukaondoka. Tuliweka matawi ya majani nyuma ya gari kama desturi ilivyo, na madereva watatu wa malori walipunguza mwendo kutuuliza hali. Uyole tukakata kushoto, tukapanda Rungwe penye migomba na mashamba ya chai, tukafika nyumbani jua likizama.

Habari za kaburi ni za familia na sitaziandika. Nitasema tu kwamba wazee wa kijijini walikuja kulitazama gari kabla ya kutusalimu, na mmoja wao, aliyekuwa utingo pamoja na baba, alikaa kwenye kiti cha dereva bila kusema kitu kwa muda mrefu, mikono yake juu ya usukani.

Wakati wa kurudi, Kitonga huwa mteremko, na hapo ndipo nilipopata malipo ya yale mafuta mapya ya breki. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nilitia ya pili tangu juu, nikaiacha injini ilishike gari, na breki nikazikanyaga kwa vipindi, nikiziachia zipoe. Katika kona moja tulikuta lori limelala ubavu, mzigo wake wa mbao umetapakaa hadi chini bondeni, na dereva wake ameketi juu ya jiwe, mzima, akivuta sigara. Harufu ya breki zilizoungua ilikuwa bado hewani. Tulipita kimya.

Tairi moja ya nyuma, katika zile nilizoziacha, ilipasuka kabla ya Mlandizi. Tulikuwa kwenye kilometa 60 na barabara ilikuwa tupu. Gari likayumba, likatii. Nilipokuwa nikizungusha jeki, mama alishusha kioo na kuniuliza kama tairi hizi nazo zilikuwa za baba. Nikamwambia ndizo. "Basi nunua nyingine," akasema, akapandisha kioo.

Nimenunua. Mirija ya hewa bado, na kila jioni kijana wetu hunisubiri mlangoni ili afungue boneti na kubonyeza kile kitufe.