Tarehe ya Faili Inapotiliwa Shaka



Nyaraka nyingi za miradi sasa hutufikia kwa barua pepe au kwa flashi: mihtasari ya vikao, nukuu za bei, mikataba ya mafundi, taarifa za robo mwaka. Mara kwa mara mkaguzi huuliza kama muhtasari ulioidhinisha ununuzi uliandikwa kweli kabla ya fedha kutoka, au ulitungwa miezi kadhaa baadaye ili kuziba pengo. Mtu hufungua faili, huangalia tarehe na kutoa hukumu. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu tarehe hiyo inaweza kumsafisha mwizi, na inaweza vilevile kumchafua katibu asiye na kosa lolote.

Kwanza tujue tarehe ya faili inatoka wapi. Kompyuta husoma saa yake ya ndani, na saa hiyo mwenye kompyuta anaweza kuirudisha nyuma kwa dakika moja. Akiirudisha hadi mwaka 2019, akaandika barua na kuihifadhi, faili itasema imezaliwa 2019. Mjini London, mwezi Mei 2024, Jaji James Mellor alitoa hukumu ya maandishi kuhusu Craig Wright, aliyedai kuwa ndiye mwanzilishi wa sarafu ya kidijitali iitwayo Bitcoin. Jaji alikuta kwamba nyaraka nyingi alizozileta zilikuwa za kughushi. Miongoni mwake zilikuwamo faili zilizodaiwa kuwa za mwaka 2007, kumbe zilitengenezwa Septemba 2023 kwa kuchezea saa ya kompyuta.

Lakini saa hukosea pia bila kuchezewa. Ndani ya kompyuta za mezani mna betri ndogo ya duara inayoendesha saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, pengine miaka kumi nyuma. Katika ofisi ambako umeme hukatika kila wiki na hakuna intaneti ya kusahihisha saa, muhtasari wa mwaka jana unaweza kuonekana uliandikwa kabla mradi wenyewe haujafikiriwa.

Jambo lingine linalowapotosha wengi ni kunakili. Ukinakili faili kutoka kompyuta ya katibu kwenda kwenye flashi, Windows huipa nakala tarehe mpya ya kuundwa, yaani siku ya kunakili, huku tarehe ya kubadilishwa ikibaki ile ya zamani. Matokeo yake ni kioja: faili inaonekana ilibadilishwa 2021 na kuzaliwa 2023! Hii ni alama ya kunakiliwa tu. Parokia iliyonunua kompyuta mpya na kuhamishia mafaili yake yote itakuta yana tarehe moja ya kuzaliwa, na mkaguzi mwenye haraka ataona njama mahali ambapo hapana.

Hivyo basi, tutazame ndani ya faili yenyewe. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha sehemu ya maelezo. Faili ya Word hutunza jina la aliyeianzisha, jina la aliyeihifadhi mara ya mwisho, idadi ya marekebisho na jumla ya muda wa kuihariri. Taarifa hizi husafiri pamoja na faili hata ikinakiliwa. Muhtasari wa kurasa kumi uliohaririwa kwa dakika mbili unaeleza kwamba maandishi yaliletwa kutoka kwingine. Huenda ni nakala safi ya rasimu, huenda sivyo. Uliza. Aidha, taarifa hizi nazo zinaweza kufutwa au kubadilishwa na anayejua.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kitu kilichomo kwenye waraka ambacho hakikuwapo siku inayodaiwa. Faili ya Word yenye mkia wa docx haiwezi kuwa ilihifadhiwa hivyo mwaka 2003, kwa sababu muundo huo ulikuja na Office 2007. Mfano uliotangaa sana ni wa Pakistani. Mwaka 2017 wachunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walipokea hati ya udhamini iliyohusu nyumba za London, yenye tarehe ya Februari 2006 na sahihi ya binti yake Maryam. Hati ilichapwa kwa herufi za Calibri. Mtaalamu wa nyaraka aliyeombwa kuichunguza huko London alisema herufi hizo hazikuwa sokoni hadi mwishoni mwa Januari 2007.

Wengi hueleza kisa hicho wakaishia hapo, na kwa maoni yangu hawatendi haki. Mtaalamu huyo alipohojiwa mahakamani alikubali kwamba toleo la majaribio la herufi hizo lilikuwapo mapema zaidi mikononi mwa watu wa kompyuta. Maryam alihukumiwa kifungo cha miaka 7 mwezi Julai 2018, na Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Islamabad ikamwachia huru katika rufaa. Herufi zilizua shaka nzito, lakini kesi nzima haikuweza kusimama juu yake peke yake.

Kwa hiyo tafuteni tarehe iliyotunzwa na mtu asiyehusika na mgogoro. Barua pepe ni shahidi mzuri, kwani kila seva inayoipitisha hugonga muhuri wake wa saa, na mtumaji hana mamlaka juu ya seva za wengine. Kama katibu anasema alituma muhtasari tarehe 4 Machi, wajumbe wanne waliopokea wanayo barua hiyo kwenye visanduku vyao. Kwa Tanzania, risiti ya mashine ya EFD ina namba ya uhakiki ambayo mtu anaweza kuikagua kwenye tovuti ya TRA. Taarifa ya benki nayo haiandikwi na kamati.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, haikatai ushahidi wa kompyuta. Inaitaka mahakama ipime uzito wake kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi mwenye waraka alivyotambulishwa. Kamati nayo ifanye hivyo hivyo. Shaka ikitokea, msiihifadhi upya faili ya asili, maana mtabadilisha tarehe zake. Iacheni kwenye kompyuta yake, andikeni nani aliigusa na lini, kisha mpeni mhusika nafasi ya kujieleza kabla jina lake halijafika kwa mfadhili.

Kwa vikao vijavyo, katibu atume muhtasari kwa wajumbe wote siku ileile, na daftari la kurasa zilizopigwa namba liendelee kutiwa sahihi mezani.