Kuhama Python 2: ogopa kosa lisilopiga kelele

Programu nyingi huria za kuchambua data ziliandikwa kwa Python 2. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na tarehe 1 Januari 2020 msaada rasmi wa toleo la 2 ukakoma. Basi lazima kuhama.

Makosa yanayogomesha programu ni rahisi. Python 3 inataka mabano kwenye print. Ukiyasahau, haianzi kabisa, na inakuonyesha mstari wenye shida. Kifaa kiitwacho 2to3 hata kinakuwekea chenyewe.

Balaa liko kwenye kugawanya. Andika 7/2: Python 2 inakupa 3, maana namba kamili kwa namba kamili ilitoa namba kamili. Python 3 inakupa 3.5. Hakuna onyo, programu inaendelea tu. Sasa fikiria mstari huo uwe ndani ya hesabu ya dozi ya dawa! 2to3 haigusi hapa, kwa kuwa haiwezi kujua mwandishi alitaka jibu lipi. Kama alitaka 3, kwenye Python 3 itabidi iandikwe 7//2.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu, endesha programu ya zamani kwa data unayoijua, hifadhi majibu, kisha linganisha ukishahama. Yakitofautiana, usikimbilie kulaumu toleo jipya: huenda lile la zamani lilikuwa likikata desimali miaka yote.