Songea: Kwa nini Nduna Songea ana kaburi lake peke yake?

Wengi wakifika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, pale Mahenge mjini Songea, hupiga picha kwenye mnara na sanamu za mashujaa, kisha haooo wanaondoka. Ukienda, usiishie hapo. Angalia makaburi. Kuna moja la halaiki, na lingine la mtu mmoja tu.

Kwenye lile la halaiki wamelala viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Utasikia ni 66, utasikia ni 67, inategemea nani anakusimulia. Miongoni mwao yumo Nkosi Mputa Gama.

Kaburi la pekee ni la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Yeye alinyongwa siku chache baadaye. Inasimuliwa kuwa Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akagoma: wenzake wameuawa, naye auawe.

Kosa lao? Kupigana Vita vya Majimaji, vilivyoanza Umatumbi, Kilwa, Julai 1905 kupinga kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko. Wangoni waliingia vitani baadaye mwaka huohuo. Maji ya dawa hayakuzuia risasi. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa walifika 300,000.

Sasa, jambo ambalo bado halijaisha: ukoo wa Mbano unaamini kaburini kuna mwili tu. Kichwa cha Nduna kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapohapo Songea, akakutana na wazao wa Nduna na kuomba msamaha. Aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa, ila alisema wazi kwamba hawezi kuahidi kitapatikana. Mafuvu mengi yaliyoko huko hayana majina.

Je, inawezekana? Kidogo. Miezi miwili kabla ya ziara hiyo, watafiti wa Berlin walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai Tanzania, likiwemo la akida wa Mangi Meli wa Moshi.

Kumbukizi ya mashujaa hufanyika hapo kila mwaka, kilele chake Februari 27.